Rhode Island Bila Kukwama: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Newport, Block Island na Fukwe za Narragansett

Kila kiangazi kikiingia, familia zetu za Worcester, Lowell, Hartford na kwingineko New England hufunga safari ya Rhode Island, na wengi hurudi na manung'uniko yale yale. Maegesho yalikuwa yamejaa. Boti imetuacha. Tumekaa kwenye foleni ya daraja mpaka watoto wakalala, na maji hawakuyagusa.

Chanzo ni kimoja. Mtu anafungua ramani, anaona jimbo dogo kuliko yote Marekani, maili 48 kwa 37 hivi, anasema hili tunalimaliza kwa siku moja. Halimaliziki. Ghuba ya Narragansett imepenya kutoka baharini hadi Providence na kuligawa jimbo pande mbili. Newport iko upande wa mashariki, kisiwani. Fukwe kubwa na bandari ya boti za Block Island ziko magharibi. Anayetaka kuamkia huku na kushindia kule anaishia barabarani.

Kanuni ya mwongozo huu wote ni hii: siku moja, upande mmoja wa ghuba. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Viatu vya kufunga vyenye soli ngumu, kwa kila mtu. Kandambili ni za mchangani tu. Njia nzuri kuliko zote huku ni za mawe.
- Pesa taslimu. Viwanja vingi vya kuegesha karibu na bandari ni vya watu binafsi, na si vyote vinavyopokea kadi.
- E-ZPass, kifaa cha garini cha kulipia tozo za barabara, kama unavuka Daraja la Newport Pell. Lina tozo kwenda na kurudi, na asiye na kifaa hicho hulipa kwa usumbufu zaidi.
- Koti jepesi la upepo, hata Julai. Juu ya boti kuna baridi ambayo nchi kavu huisikii.
- Suruali ndefu, soksi na dawa ya kufukuza kupe, kwa wanaokwenda Block Island. Sababu iko Hatua ya 5.
- Leseni ya udereva, kama unafikiria kukodi skuta.
- Picha ya ratiba ya boti iliyohifadhiwa kwenye simu. Usitegemee mtandao kisiwani.
- Maji ya kunywa, krimu ya jua, taulo, mkeka na chakula cha watoto. Chakula cha ufukweni ni ghali na foleni yake ni ndefu.

## Hatua ya 1: Chagua upande

Chagua kwa kuangalia unasafiri na nani.

Ukiwa na wazee, au watu wanaopenda kutembea na kutazama majumba, nenda mashariki: Newport. Ukiwa na watoto wanaotaka mchanga na maji, au vijana wanaotaka kisiwa, nenda magharibi: Narragansett, Galilee (bandari ya boti za Block Island) na Block Island yenyewe. Ukiwa na makundi yote mawili kwenye gari moja, nakushauri magharibi, kwa sababu kuna ufukwe tulivu ambao mzee anaweza kukaa kivulini na mtoto akacheza mbele ya macho yake.

Pembe ya Westerly, huko Watch Hill kwenye mpaka wa Connecticut, ina bembea kongwe ya farasi wa kuning'inia ambayo watoto wadogo huipenda sana. Hiyo ipangie siku yake. Usiiongeze kwenye safari ya Newport.

Utajua umefaulu ukiweza kuitaja siku yako yote kwa sentensi moja yenye jina la sehemu moja au mbili. Zikifika nne, rudi mwanzo.

## Hatua ya 2: Chagua siku

Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku bora. Jumamosi na Jumapili za Julai na Agosti, maegesho ya fukwe za jimbo huweza kujaa kabla ya adhuhuri, na yakijaa hufungwa. Hakuna anayekusubirisha pembeni.

Kama kazi haikupi nafasi ila wikendi, ningechagua wiki za baada ya Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Ada za kuegesha kwenye fukwe za jimbo huwa zimekoma, watu wamepungua, na bahari bado haijapoa. Tahadhari: waokoaji nao huondoka msimu ukiisha. Watoto waingie maji ya magotini tu, na mtu mzima awe nao humo humo majini, asiwaangalie akiwa mkekani.

Neno kuhusu joto la maji. Aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja ajiandae. Hata Agosti, mwezi wa maji ya moto huku, bahari ni kama nyuzi 21 za Selsiasi. Mei na Juni ni baridi ya kukata pumzi. Mtoto akianza kutetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoe, mkaushe, mvishe, hata kama analia anataka kurudi.

## Hatua ya 3: Panga saa ya kufika, kisha hesabu kurudi nyuma

Kosa linalorudiwa sana ni kupanga saa ya *kutoka*. Panga saa ya kufika. Ufukweni, lenga saa 3 asubuhi. Bandarini Galilee, uwe umefika saa nzima kabla ya boti kung'oa nanga, kwa sababu kuna kutafuta maegesho, kulipa, kutembea hadi gatini na kupanga foleni ya tiketi. Gari likiwa huru barabarani, Providence hadi Newport au Providence hadi Galilee ni kama dakika 45. Wikendi ya kiangazi, ongeza nusu ya muda huo.

Wasio na gari wanafika pia. Treni ya MBTA ya kutoka South Station ya Boston hushusha Providence kwa muda wa saa moja na dakika kidogo. Hapo, kituo cha Kennedy Plaza ni matembezi mafupi, na basi namba 60 la RIPTA, shirika la mabasi la jimbo, huenda mpaka Newport. Linapitia Barrington, Warren na Bristol, miji mizuri ya ukingoni mwa ghuba, na linavuka Daraja la Mount Hope. Kaa dirishani. Kwa Galilee kuna basi namba 66, ila baadhi tu ya safari zake hufika bandarini, na ratiba hubadilika. Iangalie wiki ile ile unayosafiri.

## Hatua ya 4: Upande wa mashariki, Newport

Ukija kwa basi utashuka Gateway Center, katikati ya mji. Ukija kwa gari, egesha mara moja na ulisahau. Mitaa ya zamani ni myembamba, na kuhamahama na gari humaliza siku.

Anza na Cliff Walk. Hii ni njia ya miguu ya maili 3.5 juu ya genge la bahari. Upande mmoja mawimbi yanapiga chini yako, upande wa pili ni bustani za majumba ya matajiri wa karne ya 19. Ni bure. Ianze mwisho wa kaskazini, Memorial Boulevard, karibu na Easton's Beach, ukielekea kusini. Sababu ni kwamba mwanzo huo una njia iliyotengenezwa vizuri, na ugumu unakuja taratibu, hivyo kila mtu anaweza kukatisha pale nguvu zake zinapoishia.

Ingia choo kabla ya kuanza. Utakutana kwanza na Forty Steps, ngazi za mawe zinazoshuka hadi karibu na maji mwisho wa Narragansett Avenue. Sehemu iliyo karibu na hapo iliporomoka Machi 2022, kati ya Narragansett Avenue na Webster Street. Ukikuta vibao vya kukuzungusha mitaani, vifuate. Usiruke uzio.

Mbele kidogo ni The Breakers, jumba la Cornelius Vanderbilt II lililokamilika 1895, lenye vyumba 70. Kwa wasiotaka kulipa tiketi ya kuingia, uwanja wake wa nyuma unaonekana vizuri kutoka njiani.

Hapa ndipo pa kuamua. Ukifika Ruggles Avenue, mwenye kigari cha mtoto, mwenye magoti mabovu na mwenye kandambili atoke. Baada ya hapo njia inakuwa mawe makubwa ya kurukia, mengine hayana kizuizi upande wa bahari, na yakilowa yanateleza. Kutoka si kushindwa. Mazuri mengi umeshayaona. Tembea hadi Bellevue Avenue, na basi namba 67 litakurudisha mjini.

Mchana, nenda Farewell Street. Watu wetu wengi wanapapita bila kujua, na kwangu mimi ndipo mahali muhimu kuliko pote Newport. Ndani ya makaburi ya zamani ya mji, Common Burying Ground, kuna sehemu iitwayo God's Little Acre. Ni makaburi ya Waafrika waliokuwa watumwa na waliokuwa huru, kuanzia miaka ya 1700, mji huu ulipokuwa bandari kubwa ya biashara ya utumwa. Soma majina: Quamino, Cuffe, Quash. Ni majina ya siku za kuzaliwa ya Afrika Magharibi, yaliyobaki kwenye mawe ya Marekani.

Kuna jiwe moja la Cuffe Gibbs, aliyefariki Desemba 1768. Maandishi yake yanasema lilichongwa na ndugu yake, Pompe Stevens. Pompe alikuwa mtumwa katika karakana ya wachonga mawe ya kaburi, na aliweka jina lake juu ya kazi ya mikono yake, na anayelisoma leo anajua ni nani aliyemlilia ndugu huyo. Wapeleke watoto wenu walisome.

Mawe haya ni ya tabaka nyembamba na yamechakaa kwa hali ya hewa. Usiyaguse, usiyapake chaki ili maandishi yaonekane, usiegemee. Jua likipiga kwa pembeni, asubuhi au alasiri, herufi huonekana zenyewe.

Jioni, Brenton Point. Kama una gari, maliza kwa Ocean Drive, barabara ya maili 10 inayozunguka ncha ya kisiwa. Egesha Brenton Point State Park, ambako kuingia ni bure na upepo wa baharini hauishi. Watu hurusha tiara pale za kila rangi na umbo. Nunua moja ya bei rahisi kabla ya safari. Watoto watakumbuka hiyo kuliko jumba la vyumba 70.

## Hatua ya 5: Upande wa magharibi, Block Island

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Acha gari bara. Boti ya kawaida kutoka Point Judith, kwenye bandari ya Galilee, hubeba magari, lakini nafasi ya gari lazima ihifadhiwe mapema, na ya kiangazi huchukuliwa muda mrefu kabla. Kwenda kwa miguu ni rahisi zaidi: unanunua tiketi, unapanda. Na kisiwa chenyewe hakihitaji gari, maana urefu wake hauzidi maili saba.

Chagua boti. Boti ya kawaida huchukua karibu saa moja na husafiri mwaka mzima. Ya mwendo kasi huchukua nusu saa, ni ya msimu, bei yake ni kubwa zaidi, na inafaa kuhifadhi kiti. Zote zinatoka Galilee lakini usidhani tiketi ya moja inapandisha nyingine. Soma tiketi yako kabla ya kujipanga kwenye foleni. Mwenye kichefuchefu cha bahari akae nje, katikati ya boti, aangalie upeo wa macho.

Ukishuka kisiwani, kabla hujaondoka gatini Old Harbor, thibitisha boti ya mwisho ya kurudi. Muulize mfanyakazi wa boti, usiulize abiria mwenzako. Ratiba ya Jumatano si ya Jumamosi, na ya Juni si ya Agosti. Chagua boti ya *kabla* ya ile ya mwisho kama yako. Ya mwisho iwe akiba, maana ukiikosa, chumba cha kulala wikendi ya Julai ni ghali sana, tena ukikipata.

Nenda kwanza Mohegan Bluffs, ufukweni baadaye. Maporomoko haya ya udongo yako kusini, kama maili 2 kutoka Old Harbor, na njia ina vilima. Asubuhi una nguvu na jua halijakaza. Wenye miguu watembee, wengine wakodi baiskeli, na wazee wachukue teksi, ambazo hujipanga gatini na huzungusha wageni kisiwa kizima kwa bei ya kupatana kabla.

Skuta za kukodi zipo. Ajali zake pia zipo, kila kiangazi. Barabara ni nyembamba, zina mchanga kwenye kona, na dereva mgeni anatazama bahari. Kama hujawahi kuendesha chombo cha magurudumu mawili, usijifunzie hapa na mtoto mgongoni.

Njiani utaona mnara wa taa wa Southeast, wa matofali mekundu, uliojengwa miaka ya 1870. Mwaka 1993 jengo zima lilisukumwa kurudi nyuma kama futi 300, kwa sababu bahari ilikuwa inalila genge na mnara ungeangukia majini. Ukisimama pale utaona pia mitambo mitano ya upepo baharini, ya kwanza ya kibiashara kujengwa baharini nchini Marekani, iliyoanza kazi 2016.

Mbele kidogo ni ngazi za mbao, zaidi ya 140, za kushuka hadi ufukwe wa mawe. Tahadhari mbili. Mwisho wa ngazi mara nyingi kuna kipande cha mawe na udongo legelege cha kumalizia kwa mikono na miguu. Asiyeweza asimame juu, mandhari ni ile ile. Na usikae chini ya genge, kwani udongo hudondoka bila taarifa.

Kisha Fred Benson Town Beach. Iko kaskazini mwa Old Harbor, chini ya maili moja kutoka gatini. Mchanga ni laini, maji yametulia kuliko ya kusini, kuna vyoo na mahali pa kuoga. Kwa kuwa iko karibu na boti, hakuna mbio za mwisho.

Kupe. Kisiwa hiki kina kupe wengi wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, na wengine ni wadogo kama mbegu ya ufuta. Usipite kwenye nyasi ndefu wala vichaka vya pembeni mwa njia. Usiku huo huo, nyumbani, vueni mkaguane: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio, ndani ya nywele za watoto. Ukimpata, mng'oe kwa kibano kidogo ukimshika karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma. Katika wiki zinazofuata, ukiona wekundu unaotanuka au homa, nenda hospitali na useme ulikuwa Block Island.

Boti ikifutwa kwa upepo au ukungu, usirudi nyumbani. Baki Galilee, fuata hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Ufukwe wa watoto

Fukwe hizi zinafuatana lakini hazilingani.

Roger Wheeler State Beach ndiyo ya watoto wadogo. Iko nyuma ya kuta za mawe zinazolinda bandari, kwa hiyo mawimbi hufika yamechoka. Scarborough ina mawimbi zaidi na vijana wengi. East Matunuck ina mawimbi makali na mikondo ya kuvuta nje. Ni ya wanaojua kuogelea. Ukishikwa na mkondo, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie, ndipo urudi.

Narragansett Town Beach ni nzuri, ila ni ya mji. Unalipia gari na unalipia pia kila mtu, isipokuwa watoto wadogo. Familia kubwa ipige hesabu kwanza.

Na haki yako uijue. Sheria ya Rhode Island ya 2023 inaruhusu umma kupita ufukweni hadi futi 10 juu ya mstari ambao maji yaliyojaa huacha mwani na takataka za bahari. Mwenye jumba hawezi kukufukuza ukitembea ndani ya ukanda huo. Haikupi ruhusa ya kukatiza bustani yake kufika hapo.

## Hatua ya 7: Chakula, na kuokota kombe

Chakula cha huku ni kombe aina ya *quahog*. Huuzwa ndani ya vitumbua vya kukaanga vya chumvi, huitwa *clam cakes*, au kwenye supu. Supu ya asili ya Rhode Island ni nyepesi, haina maziwa. Waislamu waulize kabla ya kuagiza: supu hizi mara nyingi hutiwa bekoni au nyama ya nguruwe ya chumvi, na haionekani kwa macho. Uliza pia mafuta ya kukaangia. Kiburudisho salama kwa wote ni limau ya barafu ya Del's, inayouzwa kwenye vigari kila ufukwe.

Ukitaka kuokota mwenyewe, mkazi wa Rhode Island hahitaji leseni kwa matumizi ya nyumbani. Asiye mkazi anahitaji. Maji yakipwa ndiyo saa yake, ingawa tofauti ya kujaa na kupwa hapa ni kama mita moja tu, usitegemee bahari ikimbie kama Unguja. Quahog isiyofika inchi 1 ya unene irudishwe. Kabla ya yote, angalia ramani ya idara ya mazingira ya jimbo, DEM. Maeneo mengi hufungwa kwa uchafu, hasa baada ya mvua kubwa, na sumu ya kombe haiondoki kwa kuchemsha.

## Hatua ya 8: Kurudi

Ondoka kabla ya saa 9 alasiri au baada ya saa 1 jioni. Katikati ya hapo barabara ya Route 1 hujaa watu wa fukwe zote kwa pamoja.

Wanaochagua kuchelewa wapitie Providence. Baadhi ya Jumamosi za kiangazi na vuli hufanyika WaterFire, iliyoanzishwa na msanii Barnaby Evans mwaka 1994. Makarai ya moto zaidi ya 80 huwashwa juu ya mito ya katikati ya mji, na mashua nyeusi hupita zikiongeza kuni. Ni bure. Angalia tarehe kabla, fika magharibi ikikaribia, na egesha mbali kidogo na mto, upande wa njia yako ya kurudi nyumbani, ili usinaswe kwenye mitaa iliyofungwa.